Alexis Soyer, Mpishi Aliyesafisha Jiko la Jeshi

Kwanza naomba radhi kwa Kiswahili changu. Huku kwetu Uganda lugha hii twajifunza kwa juhudi, wala hatukuinyonya pamoja na maziwa ya mama kama ndugu zetu wa pwani. Nataka kuwasimulia maisha ya mpishi mmoja aliyekufa mwaka 1858. Lakini kabla ya kumsimulia yeye yanipasa niungame jambo langu mwenyewe, kwa maana bila jambo hilo nisingalijua hata jina lake.

Mwaka jana nalichaguliwa kuwa kiranja wa jikoni. Kazi yenyewe ni ndogo kwa kuitaja. Kila usiku, baada ya chakula, kiranja huingia jikoni, akatazama masufuria, miko, vikombe na mapipa ya maji, kisha akatia sahihi katika daftari kushuhudia kwamba vyote vimeoshwa. Majuma mawili ya kwanza nalikwenda bila kukosa. Baadaye mtihani ukakaribia, nami nikaona ni taabu bure kuacha vitabu vyangu kwa ajili ya kutazama masufuria. Nikawa nalichukua daftari bwenini na kutia sahihi nikiwa nimeketi kitandani. Sahihi zangu zilikuwa nzuri sana, lakini sufuria sikuliona hata moja.

Wapishi wetu hufanya kazi kwa zamu. Wa jioni alidhani wa asubuhi ataliosha sufuria kubwa la maharagwe, na wa asubuhi alidhani la jioni limekwisha kuoshwa. Ukoko ukashika chini, ukaongezeka siku kwa siku, na maharagwe mapya yakapikwa juu ya mabaki ya jana. Jumapili moja usiku wavulana zaidi ya thelathini walishikwa na tumbo na kutapika. Mmoja wao, mtoto wa darasa la kwanza, alilegea hata hakuweza kusimama. Tukambeba juu ya mkeka mpaka hospitali, nami nalishika upande wa miguu. Alitiwa maji kwa sindano siku mbili. Bwana Mkuu wa shule aliagiza daftari, akafungua ukurasa wa siku ile, akaiona sahihi yangu. Hakunipiga wala hakunifokea. Alilifunga daftari na kunirudishia, na hilo lilinichoma kuliko kiboko.

Ndipo mwalimu wetu wa historia aliponipa kitabu juu ya Alexis Soyer, akaniambia nisome kisha nimweleze nimeelewa nini. Haya ndiyo niliyoyaelewa.

Alexis Soyer alizaliwa tarehe 4 Februari 1810 katika Meaux, mji wa Ufaransa ulio kando ya mto Marne, mashariki ya Paris. Wazazi wake hawakuwa watu wa mali. Walitumaini kwamba mtoto wao atalitumikia kanisa, wakamtia katika shule ya waimbaji ya kanisa kuu la mji. Lakini Alexis alikuwa mtundu mno, na shule ile haikumweka. Sisi tusomao katika shule za misheni twawafahamu sana vijana wa namna hiyo. Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi alipelekwa Paris kwa kaka yake Philippe, ambaye alikuwa mpishi, naye akawa mwanagenzi katika kazi hiyo.

Watu wengi hudhani kwamba mwanagenzi wa jikoni huanza kwa kupika. Sivyo. Huanza kwa kumenya, kuteka maji, kuzoa majivu na kusugua vyombo. Katika siku zile masufuria ya wakubwa yalikuwa ya shaba, na ndani yake yalitiwa bati. Bati likichakaa na shaba ikaonekana, chakula kikali kama siki huila ile shaba, na chakula huweza kugeuka sumu. Kwa hiyo mpishi aliyefunzwa vema alijua kuchungulia ndani ya sufuria kabla ya kutia chochote. Macho hayo ya kuchungulia yalimfaa Soyer maisha yake yote.

Kabla hajatimiza miaka 21 alikuwa mpishi wa pili katika jiko la waziri mmoja wa serikali. Mwezi wa Julai mwaka 1830 yakatokea mapinduzi katika Paris, na wenye hasira wakavamia jumba lile. Inasimuliwa kwamba Soyer aliokoka kwa kuimba wimbo wa mapinduzi kwa sauti kubwa, hata wale waliotaka kumdhuru wakambeba mabegani. Mwaka uliofuata alivuka bahari kwenda Uingereza, ambako kaka yake alikuwa akiwapikia watu wa ukoo wa mfalme.

Mwaka 1837 aliajiriwa na Reform Club ya London, chama cha mabwana wakubwa wa siasa. Tarehe 28 Juni 1838, siku Malkia Victoria alipotawazwa, Soyer aliwaandalia watu 2,000 chakula cha asubuhi. Jumba jipya la chama lilipofunguliwa mwaka 1841, jiko lake lilikuwa ajabu ya mji. Mlikuwamo majiko ya gesi, jambo geni kabisa wakati ule, na meza ya marumaru iliyopozwa kwa maji ya barafu ili samaki wasioze. Kila kazi ilikuwa na mahali pake. Wageni walikuja kulitazama jiko kama vile watu waendavyo kutazama kanisa au ngome, naye Soyer, amevaa kofia upande, aliwatembeza mwenyewe. Alikuwa mtu wa majivuno, sitalificha hilo. Alipenda mavazi ya ajabu na alipenda kusifiwa. Lakini mtu anayewaonyesha wageni jiko lake kila siku hawezi kuficha uchafu ndani yake.

Hakukosa msiba. Mwaka 1837 alimwoa Emma Jones, mwanamke Mwingereza aliyekuwa mchoraji hodari wa picha. Mwaka 1842, Soyer akiwa safarini Ubelgiji, mke wake alifariki akiwa mja mzito. Hakuoa tena.

Tangu mwaka 1845 viazi vya Ireland viliharibiwa na ugonjwa, na watu maskini ambao chakula chao kilikuwa viazi tu wakaanza kufa kwa njaa. Watu wapatao milioni moja walikufa katika miaka ile. Serikali ilimwomba Soyer aende, naye tarehe 5 Aprili 1847 akafungua jiko kubwa la mbao katika Dublin. Katikati palikuwa na sufuria moja lenye kuchukua galani 300, yaani lita zipatazo 1,360. Watu 100 waliingia pamoja kwa mlio wa kengele, wakala, wakatoka kwa mlango mwingine, na 100 wengine wakaingia. Bakuli zilikaa katika matundu ya meza na vijiko vilifungwa kwa minyororo. Maelfu walilishwa kila siku. Hata hivyo haifai kumsifu kupita kiasi. Madaktari walilalamika kwamba supu yake ilikuwa nyepesi, isiyoweza kumtia nguvu mtu aliyedhoofika, nao walisema kweli. Utaratibu mzuri hauwezi kuwa badala ya chakula cha kutosha.

Mwaka 1850 aliacha kazi ya chama. Mwaka uliofuata alifungua nyumba yake mwenyewe ya chakula katika London, akapata hasara kubwa. Mwaka 1854 alitoa kitabu cha upishi kwa watu wa hali ya chini, bei yake shilingi moja tu, nacho kikauzwa sana sana. Angaliweza kustarehe. Lakini wakati ule Uingereza na Ufaransa zilikuwa zikisaidiana na Waturuki katika vita na Urusi, na habari mbaya zilikuwa zikifika London kutoka hospitali ya Scutari.

Scutari ni ng'ambo ya Istanbul, upande wa Asia. Waingereza walikuwa wamepewa huko kambi kubwa ya Waturuki iwe hospitali ya askari wao. Florence Nightingale, ambaye kila msomaji amesikia jina lake, alifika tarehe 4 Novemba 1854 pamoja na wanawake 38 wa kuuguza. Alikuta askari wamelala sakafuni kwa mamia, na wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na kuhara, kipindupindu na homa. Katika mwezi wa Februari 1855, kati ya kila wagonjwa 100, wapata 42 walikufa.

Soyer alisoma habari hizo katika gazeti la The Times. Akaandika barua kwa gazeti hilo mwezi huo huo wa Februari, akijitolea kwenda kwa gharama yake mwenyewe ili atengeneze upishi wa hospitali. Serikali ilikubali, na mwezi wa Machi akafika Scutari.

Tafadhali sasa mwingie jikoni pamoja naye. Mna moshi na giza. Mna masufuria makubwa ya shaba yaliyojengewa, nayo hupikiwa kila kitu. Nyama huchemshwa humo, kisha katika sufuria lile lile, bila kusuguliwa, chai hupikwa. Majani ya chai yamefungwa katika kitambaa na kutupwa ndani ya maji. Chai hiyo yanuka mafuta ya nyama, na mgonjwa mwenye kiu ya homa aionja na kuisukuma mbali. Maji ni machache, basi wapishi hawaoni sababu ya kuyapoteza kwa kuosha.

Nyama nayo ilikuwa na kisa chake. Kila wodi ilipewa fungu lake bichi, na mtumishi wa wodi alilifunga kwa kamba kwenye kijiti, kisha akalitupa ndani ya sufuria pamoja na mafungu ya wodi nyingine. Ili asipoteze la kwake alitia alama. Mmoja alifunga kipande cha koti kuukuu, mwingine vifungo, mwingine msumari au mkasi. Vitu hivyo vyote vilichemka pamoja na nyama ya wagonjwa. Tena fungu lilikazwa mno kwa kamba hata nje likawa limeiva na ndani lingali bichi. Baada ya hapo mchuzi ulimwagwa chini. Soyer alimwonyesha askari mmoja kwamba alama yake ina uchafu, na yule askari akastaajabu, akasema kitakuwaje kichafu kitu kilichochemka siku zote hizo?

Nilipofika hapo katika kitabu nalikiweka chini, maana wapishi wetu walisema neno lilo hilo juu ya ukoko wa maharagwe, nami naliamini. Lakini daktari wa hospitali alitueleza kwamba chakula kilichoachwa usiku kucha katika chombo huota vijidudu, na baadhi ya vijidudu hivyo huacha sumu isiyoharibika hata ukichemsha. Moto huua mdudu, lakini hauondoi sumu yake. Chombo hakisafishwi kwa moto peke yake. Sharti mabaki yaondolewe kwanza kwa mkono, maji na sabuni.

Soyer hakujua habari za vijidudu. Wataalamu kama Louis Pasteur walikuja kuzithibitisha miaka ya baadaye. Lakini alijua sababu iliyo karibu zaidi, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike habari zake. Aliuliza ni nani mpishi wa hapa, akaona kwamba hakuna. Wapishi walikuwa askari waliochukuliwa kwa zamu kutoka katika vikosi vyao, leo huyu, kesho yule. Hakuna aliyefunzwa, na hakuna aliyekaa muda wa kutosha hata aone haya kwa ajili ya sufuria lake. Kila mmoja aliurithi uchafu wa mwenzake na kumwachia wa nyuma yake. Jiko halikuwa na mwenyewe.

Basi hakuanza kwa kulaumu. Alitaka wapishi wa kudumu, akawafunza mmoja mmoja. Aliandika vipimo vya kila chakula, uzito wa nyama, mboga, chumvi na maji, kwa maneno mepesi ambayo askari yeyote angaliweza kuyafuata. Alikataza vitambaa na misumari, akaamuru nyama ifungwe kwa ulegevu, na mchuzi uhifadhiwe kuwa supu. Alifanya majiko na tanuri zitengenezwe upya. Kwa ajili ya chai alibuni birika lenye chujio ndani, ili chai isipite tena katika sufuria la nyama. Kisha akawaalika madaktari na wakubwa waonje supu ya kale na supu yake, zote mbili zimepikwa kwa mgawo ule ule wa serikali. Hapakuongezwa gharama; kilichozidi ni uangalifu.

Hapo Juni 1855 vifo vilikuwa vimepungua hata wapata 2 katika kila wagonjwa 100. Haingekuwa haki kumpa mpishi sifa yote. Mwezi ule ule aliofika yeye, walifika pia wakaguzi wa afya waliotumwa na serikali, nao wakazibua na kusafisha mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya hospitali, wakafungua madirisha na kupaka kuta chokaa. Kazi hiyo iliokoa wengi. Lakini mtu aliyeokoka homa hawezi kuinuka bila chakula safi, na chakula hicho Soyer ndiye aliyekileta.

Mwezi wa Mei alisafiri pamoja na Florence Nightingale kwenda Crimea kwenyewe, kutazama majiko karibu na mahali pa vita. Huko alionana na Mary Seacole, mwanamke wa Jamaica aliyewauzia askari chakula na kuwatibu, akampa shauri juu ya biashara yake. Soyer mwenyewe alishikwa na homa akawa hoi, lakini hakurudi kwao. Alikuwa amebuni jiko la jeshi, umbo lake kama pipa, moto chini na sufuria juu, lenye kutumia kuni chache, tena laweza kupika katika mvua na upepo. Tarehe 27 Agosti 1855 lilionyeshwa kambini mbele ya Sevastopol. Majiko ya namna hiyo yalitumiwa na jeshi la Uingereza kwa zaidi ya miaka 100 baada yake.

Vita vilikwisha mwaka 1856, naye akarudi London mwaka 1857, mwili umedhoofika. Hakupumzika. Aliandika kitabu juu ya safari yake, akatoa hotuba mbele ya maofisa, na akatengeneza jiko jipya la mfano katika kambi ya Wellington, London. Jiko hilo lilifunguliwa mwishoni mwa Julai 1858. Siku chache baadaye, tarehe 5 Agosti, alifariki, umri wake miaka 48. Alizikwa Kensal Green katika kaburi la mke wake.

Nalimrudia mwalimu, nikamwambia niliyoyaelewa ni haya: chombo kichafu ni chombo kisicho na mwenyewe. Akaniuliza sufuria la maharagwe lilikuwa la nani. Nikajibu lilikuwa langu, maana sahihi ilikuwa yangu.

Kwa ruhusa ya Bwana Mkuu tulikaa na wapishi, na mzee aliye mkubwa wao alikuwa wa kwanza kukubali. Kila sufuria limepigwa namba, na kila namba ina mtu mmoja. Anayepika ndiye anayeosha, wala hamwachii wa zamu ya pili. Ukoko hulowekwa, husuguliwa kwa majivu na majani ya mgomba, kisha sufuria huoshwa kwa sabuni na maji moto, na kufudikizwa juu ya kichanja likauke. Chakula kilichobaki hakilali sufuriani. Nami kila usiku naingia jikoni na taa, nainama, napitisha kidole ndani mpaka chini. Kidole kikitoka safi, ndipo naandika jina langu.

Yule mtoto wa darasa la kwanza alipona. Muda mrefu nalimkwepa kwa aibu, mpaka jioni moja nikamwendea na kumweleza yote, kwamba nalitia sahihi bila kutazama. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama angeweza kufuatana nami jikoni usiku ule. Nikamchukua. Alichungulia sufuria la maharagwe kwa muda mrefu kuliko nilivyofanya mimi siku yoyote, na aliporidhika akaniambia sasa naweza kuandika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu zangu mtakaokuwa viranja baada yangu, na ninyi mtakaopata kazi katika hoteli, hospitali na kambi, msitie sahihi kwa jambo ambalo macho yenu hayakuliona. Walao hawalioni sufuria, wanakuamini wewe. Kwa haya machache nakoma.